Vifungo, zipu, vibonyezo au kuacha wazi: namna nne za kumalizia mbele ya sweta ya kufuma

Mgongo umekwisha, mikono imekwisha, vipande viwili vya mbele vimelala mezani vikitazamana, na hapo ndipo wafumaji wengi hukwama. Sweta ya kufunguka mbele, ile inayoitwa pia kadigani, huamuliwa na sentimita tatu za katikati ya kifua. Kosa likitokea hapo, kazi ya miezi miwili huonekana kama ya mtu anayejifunza kushika sindano.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: vifungo kwenye ukanda wa kufuma, zipu, vibonyezo (vile vifungo vya chuma vya vipande viwili vinavyobanwa kwa kidole hadi vilie), na kuacha wazi bila kifungio chochote. Mwishoni kuna maelezo kwa mwenye sweta ya kuvalia kichwani anayetaka kuipasua iwe ya kufunguka, kwa kuwa swali hilo huja na haya haya.

Mambo ya kupimia

La kwanza na kubwa ni jinsi kitambaa kinavyovutika. Kitambaa cha kufuma ni vitanzi vilivyoshikana, na kitanzi huenda na mwili. Zipu haivutiki hata kidogo. Utepe hauvutiki. Ukanda wa ribu, yaani ule wa vitanzi vya mbele na vya nyuma vinavyopokezana kama wa kiunoni na mikononi, huvutika kuliko sweta yenyewe. Karibu kila sweta iliyoharibika mbele imeharibika kwa sababu vitu viwili vyenye mvutiko tofauti vimeshonwa pamoja bila hesabu.

La pili ni mvaaji na vidole vyake: mtoto wa chekechea, bibi mwenye baridi yabisi, mama anayenyonyesha na dereva wa bodaboda hawafungi nguo kwa namna moja. La tatu ni kufua. Sweta inayofuliwa kwenye beseni, ikakamuliwa na kutundikwa kwenye kamba, hubeba uzito wa maji yake yote, na uzito huo huvuta kuelekea chini. La nne ni kazi yenyewe na ujuzi inaodai. La tano, ambalo watu husahau: ukijuta, unaweza kurudi nyuma?

Kabla ya kuchagua: fua, tandaza, pima

Hatua hii ni ya njia zote nne, na anayeiruka hulipa baadaye. Lowesha vipande kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 20 bila kusugua. Kandamiza maji yatoke, viringisha vipande ndani ya taulo, kanyaga taulo, kisha vitandaze juu ya taulo kavu kwa vipimo unavyotaka, ukibana kingo kwa pini zisizoshika kutu. Acha vikauke kabisa. Limuru au Njombe mwezi wa Julai, kabisa maana yake ni siku mbili au tatu.

Uzi wa akriliki haushiki umbo kwa maji kama sufu. Wenyewe hulainishwa kwa mvuke wa pasi iliyoshikiliwa sentimita 2 au 3 juu ya kitambaa. Pasi ya moto ikigusa, nyuzi huanza kuyeyuka, kitambaa hulegea na kung'aa, na hakirudi tena kilivyokuwa.

Sasa pima ukingo wa mbele ukiwa umelala mezani, usiupime ukiwa unaning'inia mkononi. Kadigani ya sufu inaweza kurefuka sentimita kadhaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na aliyenunua zipu kabla ya hapo amenunua zipu ya sweta nyingine.

Fanya pia hesabu ya upana. Kanda mbili za vifungo hulaliana, hivyo huongeza kifuani upana wa ukanda mmoja tu: kanda za sentimita 3 zinaongeza sentimita 3. Zipu hailaliani, nayo hujaza kama sentimita 1 ya meno. Ukifuata mchoro wa vifungo kisha ukaamua kuweka zipu bila ukanda, sweta inapungua kifuani kwa sentimita 2 hivi. Dawa yake ni kufuma kila upande ukanda mwembamba wa sentimita 1 kabla ya kuweka zipu.

1. Vifungo kwenye ukanda wa ribu

*Kazi yenyewe.* Ukanda huanza kwa kuokota vitanzi kando ya ukingo wa mbele, yaani kuchomeka sindano ukingoni na kuvuta vitanzi vipya, na kosa la kwanza hutokea hapo hapo: kuokota kitanzi kimoja kwa kila mstari. Kitanzi ni kipana kuliko kimo chake, kwa hiyo vitanzi vinakuwa vingi mno na ukanda unajikunja kama jani la sukumawiki. Tumia kipimo chako mwenyewe. Kama sentimita 10 zina vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu, gawanya 22 kwa 30. Jibu ni kama 0.73, yaani vitanzi 3 kwa kila mistari 4. Okota mitatu, ruka mmoja. Kama mwili ulifumwa kwa vitanzi vya mbele tu pande zote mbili, ule ufumaji wa matuta, okota kimoja kwa kila tuta.

Tuchukue ukingo wa sentimita 56 wenye mistari 168. Robo tatu yake ni vitanzi 126, idadi inayokubali ribu ya mbili-mbili (vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma), kwa kuwa ni mafungu 31 ya vitanzi vinne na viwili vya kumalizia ili ncha zote mbili ziwe na vitanzi vya mbele. Shuka ukubwa wa sindano: mwili ukifumwa kwa milimita 4, ukanda ufumwe kwa 3.25. Mistari minane, kisha kufunga vitanzi kwa kufuata ribu, inatoa upana wa karibu sentimita 2.5 hadi 3.

Fuma kwanza ukanda usio na matundu, kwani juu yake ndipo utakapoweka alama za vifungo. Kwa desturi matundu ya nguo ya kike huwa upande wa kulia wa mvaaji, ya kiume kushoto. Kwenye ukanda wa pili, matundu hufanywa mstari wa nne. Kwa vitanzi 126 na vifungo vinane mpango ni huu: fuma vitanzi 6, fanya tundu kwa vitanzi 2, fuma 14, tundu kwa 2, na kuendelea hivyo, baada ya tundu la nane vinabaki 6. Matundu yote yanaangukia kwenye bonde la ribu, pale penye vitanzi vya nyuma, ambapo hujificha yenyewe. Umbali kati ya kifungo na kifungo unakuwa sentimita 7 na ushei. Ukitaka vifungo sita au saba, panga upya ukihakikisha umbali kutoka tundu hadi tundu unagawanyika kwa nne. La sivyo tundu moja litakuwa bondeni, jingine mgongoni, na kila atakayesimama mbele yako ataona.

Tundu dogo ni rahisi: zungushia uzi kwenye sindano, kisha fuma vitanzi viwili kwa pamoja. Linachukua kifungo cha milimita 12 hadi 15. Kwa kifungo cha milimita 20, funga vitanzi vitatu na uanzishe vitatu vipya hapo hapo kwenye mstari ule ule. Kingo zake ni imara zaidi. Vyovyote vile, tundu jipya liwe la kupitisha kifungo kwa shida kidogo, maana baada ya mwezi litakuwa limelegea. Nunua vifungo kwanza, kisha ujaribu tundu kwenye kipande cha majaribio.

Kifungo kishonwe kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili. Uzi wa sweta hukatika kwa kusuguana na kingo za matundu ya kifungo. Weka kijiti cha kiberiti chini ya kifungo unaposhona, kitoe, kisha zungusha uzi chini yake ili kupata mguu wa milimita 3. Bila mguu huo, ukanda wa juu haupati pa kukaa, nao unabonyea kila penye kifungo. Kwenye uzi laini, shona kifungo kidogo bapa upande wa ndani, mkabala na kile cha nje, ili uzito usivute kitanzi kimoja.

*Mwilini.* Ukanda huu huenda na mwili: ukikaa unajipanua, ukisimama unarudi. Udhaifu wake ni kifuani, ambapo nafasi kati ya vifungo hufunguka kama macho. Tatizo hilo hutokana zaidi na kupanga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Weka kwanza kifungo cha pale kifua kilipo kipana zaidi, kisha gawa vingine juu na chini yake.

*Beseni na kamba.* Vifungo vya plastiki havina neno. Vya chuma hafifu huacha alama ya kutu. Vya mbao na vya kifuu cha nazi, vinavyopendeza sana kwenye uzi wa rangi za udongo, havipendi kulowekwa usiku kucha. Fua sweta ikiwa imefungwa vifungo, la sivyo ukanda wa matundu utavutika kuliko mwenzake.

*Panapoharibikia.* Ukanda ukining'inia kama ulimi, vitanzi ni vingi au sindano ni kubwa. Sweta ikipanda mbele na kushuka nyuma, vitanzi ni vichache. Ukanda ukirefuka kila ukifuliwa, shonea nyuma yake utepe mgumu wa mistari, ambao nao uwe umefuliwa kabla ya kushonwa ili usije ukasinyaa peke yake.

*Anayefaa.* Mwenye uzi unaovutika, mwenye mwili unaobadilika (mjamzito, mtoto anayekua), na yeyote anayetaka kuwa na uwezo wa kufumua. Ukanda hufumuliwa kutoka ukingo wa nje bila kugusa mwili wa sweta. Kwa kurudi nyuma hakuna njia inayoushinda. Haumfai anayevaa na kuvua mara kumi kwa siku, wala mwenye vidole vilivyokakamaa.

2. Zipu

*Kazi yenyewe.* Tafuta zipu ya kufunguka chini, ile ya majaketi. Za suruali na magauni hazitenganiki. Meno ya nailoni yaliyosokotwa ni mepesi na hupinda na kitambaa. Ya plastiki makubwa ni imara lakini magumu, yanafaa uzi mnene. Ya chuma ni mazito na huvuta uzi mwembamba chini. Namba 3 inatosha uzi mwembamba, namba 5 ni ya uzi wa kati na mnene.

Zipu huuzwa kwa urefu maalumu, na kwa kawaida hautalingana na ukingo wako. Kati ya kununua iliyozidi na iliyopungua, iliyopungua kwa sentimita 1 ni bora: kitambaa cha kufuma kinakubali kubanwa kidogo, kikisambazwa sawasawa. Iliyozidi hupunguzwa kutoka juu, kamwe si chini penye kishikio. Shona kizuizi kipya cha nyuzi nyingi pale unapotaka iishie, kisha kata sentimita 2 juu yake. Kilicho rahisi kuliko yote ni kununua zipu mapema na kufuma kola kufuata urefu wake.

Ukingo uwe thabiti kabla ya zipu kuguswa. Pitisha mstari mmoja wa kroshia kando yote, vitanzi 3 kwa mistari 4 kama ilivyoelezwa juu, au fuma ukanda mwembamba. Kisha:

Fua zipu peke yake na uikaushe. Ifunge. Kwa chaki, weka alama kila sentimita 10 kwenye tepe zote mbili, na alama zinazolingana nazo kwenye kingo mbili za sweta. Hizi ndizo zitakazozuia upande mmoja kuwa juu ya mwingine. Laza sweta mezani uso ukitazama juu, zipu chini yake, na ubane kwa pini kuanzia katikati kwenda juu na chini, ukilinganisha alama kwa alama. Usivute kitambaa, kiache kilale. Acha milimita 3 kati ya ukingo na meno. Piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine, toa pini, funga na fungua zipu mara kadhaa, na uvae. Kama kuna wimbi, hapa ndipo pa kulisahihisha.

Shona sasa kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, kwenye mfereji ulio kati ya safu ya kwanza na ya pili ya vitanzi, kwa uzi wa cherehani wa rangi ya sweta. Ukimaliza, geuza na ushone ukingo wa tepe upande wa ndani, sindano ikishika nusu tu ya uzi wa sweta ili isitokeze nje. Ncha za juu za tepe zikunjwe ndani ya kola. Kwa mtoto, funika ncha kwa kipande laini ili meno yasikwaruze kidevu. Tenga jioni mbili. Fundi cherehani anaweza kuifanya kwa dakika chache, lakini mwambie asivute: mguu wa cherehani husukuma kitambaa cha kufuma mbele na kukirefusha, ndiyo maana zipu nyingi za sweta zilizoshonwa kwa mashine hupiga mawimbi. Karatasi nyembamba ikiwekwa chini ya kitambaa na kuchanwa baada ya kushona hupunguza tatizo hilo.

*Mwilini.* Upepo haupiti, na kwa aliye nyuma ya pikipiki saa kumi na mbili asubuhi hilo peke yake linatosha. Lakini mbele hapavutiki tena. Ukikaa, zipu hujikunja tumboni kama upinde, hasa sweta ikiwa ndefu kupita nyonga. Zipu ya kufunguka pande zote mbili husaidia, ukiipata.

*Beseni na kamba.* Funga zipu kabla ya kufua ili meno yasing'ate vitanzi. Usitundike ikiwa imelowa: mwili unashuka, zipu inabaki, na baada ya mara tano utaona mawimbi ambayo hayakuwepo siku ya kwanza. Anika ikiwa imelala. Asiye na mahali pa kulaza sweta afikirie sana kabla ya kuchagua njia hii.

*Panapoharibikia.* Mawimbi: kitambaa kilivutwa wakati wa kushona. Mikunjo midogo midogo: zipu ni fupi mno. Meno kushika uzi: ukingo umekaribia mno. Na kichwa cha zipu kikifa, nguo nzima imekwama hadi kibadilishwe. Kifungo kimoja kikipotea, saba vingine vinaendelea na kazi.

*Anayefaa.* Watoto wa shule, wanaume wanaotaka sweta ikae kama jaketi, wanaofanya kazi nje kwenye baridi. Uzi wa kati au mnene, uliofumwa kwa kubana. Kwa uzi mwembamba unaoning'inia, zipu ni mzigo. Kuhusu kurudi nyuma, mishono ya mkono inatolewa bila madhara. Ya mashine huhitaji subira na wembe usiotetemeka.

3. Vibonyezo juu ya utepe

*Kazi yenyewe.* Fuma kanda mbili kama za vifungo, zote bila matundu. Kata tepe mbili ngumu zenye upana wa sentimita 2, kila moja ndefu kuliko ukanda kwa sentimita 2 za kukunjia ncha. Zishone kwa mkono nyuma ya ukanda wa juu na mbele ya ule wa chini, ukanda ukiwa umelala katika urefu wake wa kawaida. Vibonyezo vya kushona vya milimita 10 hadi 12 vinatosha, kila baada ya sentimita 7. Kipande chenye kinundu kinakaa upande wa ndani wa ukanda wa juu, chenye shimo kwenye ukanda wa chini. Shona vinundu vyote kwanza, vipake chaki, kandamiza, na alama zitakuonyesha mahali pa mashimo. Ukipenda, shona vifungo vya mapambo juu, hakuna atakayejua.

Vile vinavyogongwa kwa nyundo vina meno yanayopenya kati ya vitanzi badala ya kushika kitu. Usivitumie bila utepe pande zote mbili.

*Mwilini.* Bapa na nadhifu, lakini ukanda hauvutiki tena, kwa hiyo hasara ya zipu ya kujikunja ipo kwa kiasi. Nguo ikibana kifuani, vinafunguka vyenyewe hadharani.

*Beseni na kamba.* Shaba iliyopakwa nikeli huvumilia. Chuma tupu hushika kutu ndani ya shimo, mahali usipopaona mpaka imeshachora uzi.

*Panapoharibikia.* Karibu kila mara ni kwa kukosa utepe: kibonyezo kinashika kwa nguvu kuliko uzi, kwa hiyo kila ukifungua unavuta kitanzi hadi kikatike. Kwa mtoto mchanga, vuta kila kipande kwa nguvu kabla ya kumvika. Kikilegea ni hatari ya kumpalia, na hilo ni kweli pia kwa vifungo.

*Anayefaa.* Mzee mwenye vidole vya shida (chagua vile visivyo vikali, maana vingine vinahitaji nguvu kuliko kifungo), mtoto anayejifunza kuvaa, mgonjwa anayevalishwa na mwingine. Pia aliyeharibu matundu yake na kuyaziba: utepe unaficha aibu yote. Kurudi nyuma ni rahisi, utepe unatoka na ukanda unabaki.

4. Kuacha wazi

*Kazi yenyewe.* Ndogo kuliko zote, ila haiwi sifuri. Ufumaji laini, ule wa vitanzi vya mbele upande mmoja na vya nyuma upande wa pili, hujiviringisha kingoni kwenda ndani, na pasi haitausaidia. Okota vitanzi kama kawaida na ufume matuta mistari 6 hadi 8, au ufunge kwa kamba ya kufumwa ya vitanzi vitatu inayotembea ukingo mzima. Hiyo kamba ina uzuri wake, lakini hula uzi na hukaza. Tumia sindano kubwa kwa namba moja.

*Mwilini.* Huanguka vizuri ikiwa uzi ni mzito kidogo. Mkanda wa kufuma au pini ya shali huifunga kwa muda.

*Beseni na kamba.* Hakuna cha kuvunjika wala kushika kutu. Itarefuka tu, kama sweta zote.

*Panapoharibikia.* Ukanda ukikaza, kingo mbili zinakimbiana na sweta inaonekana ndogo hata ikiwa si ndogo.

*Anayefaa.* Anayenyonyesha, anayefanya kazi ofisini penye kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa huku nje kukiwa na joto, anayevaa juu ya dera au gauni. Mwenye baridi ya kweli haimsaidii. Kuongeza vifungo baadaye ni kazi ya jioni moja, hivyo anayesitasita anaweza kuanzia hapa bila hasara.

Ikiwa sweta tayari ni ya kuvalia kichwani

Kukata sweta katikati kwa mkasi kunatisha, lakini huko Norwei na visiwa vya Shetland wafumaji hufuma sweta nzima kama bomba, kisha huikata mbele. Wao hutumia sufu ambayo nyuzi zake zina magamba madogo yanayoshikana, kwa hiyo kitanzi kilichokatwa hakitoroki upesi. Akriliki, pamba na sufu iliyosafishwa ili ifuliwe kwa mashine ni laini; hizo hufumuka.

Tafuta safu ya vitanzi ya katikati kabisa na uipigie bandi kwa uzi wa rangi kali kutoka shingoni hadi chini. Kwa sufu ya kawaida, mstari wa kroshia kila upande wa safu hiyo unatosha. Kwa akriliki na pamba, piga cherehani mistari miwili kila upande, mishono mifupi ya milimita 2 hivi, na karatasi chini. Ndipo ukate kati, ukitazama kila kitanzi kabla ya mkasi kufunga. Kingo hukunjwa ndani na kushonwa, na kila upande unapoteza kama sentimita 1. Ukanda wa vifungo unaweza kurudisha upana huo. Zipu peke yake haiurudishi wote.

Kwa hali yako

Uzi ni mwembamba au umefumwa kwa kulegea: vifungo vyepesi, au acha wazi. Zipu iondoe kwenye orodha.

Sweta ya shule ya mtoto wa darasa la pili, itakayofuliwa kila Jumamosi na kutundikwa: vifungo, na nunua viwili vya akiba. Kama una mahali pa kuilaza, zipu ya nailoni namba 5 itamrahisishia asubuhi.

Seti ya mtoto mchanga wa akriliki: vifungo bapa vya milimita 12, au vibonyezo vyenye utepe. Vinundu vya mgongoni au shingoni mwa mtoto anayelala chali viepuke.

Mvaaji anapanda pikipiki au anachunga: zipu, kola ndefu, uzi wa kati uliofumwa kwa sindano ndogo.

Mvaaji ni mzee: mpe vipande vya majaribio vya vifungo vikubwa na vya vibonyezo, umwache afunge na kufungua mara tatu. Vidole vyake vitachagua.

Ni zawadi na hujui kipimo cha kifua chake: vifungo. Vinaweza kusogezwa kwa sentimita 1 kila upande bila kufumua chochote.

Uzi umebaki gramu 30 tu na duka halina tena rangi ile: fuma kanda kwa rangi nyingine kwa makusudi, na uirudie mikononi na kiunoni. Au weka zipu, ambayo haihitaji zaidi ya mstari mmoja wa kroshia.